Mchele wa Uganda: Namna ya Kuuchagua Sokoni na Kuupika Usiwe Bokoboko

Kila mavuno mapya yanapoingia sokoni, mimi huulizwa maswali yaleyale matatu: kwa nini mchele wa Butaleja, wilaya jirani yetu, umegeuka uji, kwa nini una mawe, na kwa nini ule wa Pakistani haufanyi hivyo. Wanaouliza ni vijana waliopanga chumba kwa mara ya kwanza, mabibi harusi wapya, na hata watu wazima waliolelewa kwa matooke (ndizi za kupika) na posho (ugali), ambao wali kwao ulikuwa chakula cha Idi na Krismasi. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, nimepika wali wa harusi, wa maulidi na wa matanga, na kwa kuwa nimechoka kurudia maelezo hayo kwa simu huku mikono ikiwa na unga, nimeamua kuyaandika mara moja.

Jibu la maswali yote matatu linaanzia mahali pamoja. Mchele unaotoka ng'ambo hufika kwetu ukiwa umekaa ghalani miezi mingi, umekauka sawasawa, na umepita katika mashine zinazotoa mawe na chenga. Mchele wa kwetu mara nyingi huuzwa wiki chache tu baada ya kuvunwa, ukiwa umekobolewa katika mashine ndogo ya pembeni mwa barabara. Anayeupika kwa kipimo cha maji alichozoea kutumia kwa ule wa Pakistani ataupata bokoboko, na atasema mchele ni mbaya. Mimi nauona mtamu kuliko huo wa meli, mradi umeulizwa umri wake kabla ya kupimiwa maji.

Majina utakayoyasikia sokoni

Jirani zangu wasemao Kiganda husema *omuceere* kwa kitu kilichomo gunia na kwa kitu kilichomo sahani. Sisi tuna mpunga, mchele na wali, na tofauti hiyo itakusaidia, kwa sababu mashariki mwa nchi unaweza kununua mpunga wenyewe ukaukoboa kwa wakati wako.

Supa ndiyo yenye harufu. Punje zake ni ndefu, mbegu yake ilitujia kutoka Tanzania, na bei yake iko juu ya nyingine za kienyeji. Kaiso ina punje fupi nene, haina harufu ya kusimulia, ni ya bei nafuu, na ndiyo inayolisha familia nyingi za mashariki. Wita, ambayo wataalamu huiandika WITA 9, wakulima huipenda kwa wingi wa mavuno na kwa kustahimili ugonjwa wa madoa ya njano unaoharibu mpunga wa mabondeni; wali wake ni wa kawaida lakini hauna matatizo. K85 na K98 ni mbegu za Kibimba, wilayani Bugiri. Nerica ni mpunga wa nchi kavu, usiohitaji kusimama katika maji, uliotokana na kuchanganywa kwa mpunga wa asili wa Afrika na ule wa Asia. Ulianza kuenea Uganda mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Gilbert Bukenya aliyekuwa makamu wa rais aliupigia debe sana. Huo utaukuta zaidi ukitoka upande wa Hoima, Luwero, Lira na Gulu, ilhali mpunga wa mabondeni hutoka Butaleja, Bugiri, Pallisa, Namutumba na wilaya jirani. Mradi wa Doho wa Butaleja, wenye mashamba ya takriban hekta 1,000 yanayonyweshwa kwa maji ya Mto Manafwa, ndio unaotajwa mara nyingi, na wauzaji wengi wa Kampala huita mchele wowote wa mashariki "wa Butaleja" hata kama haujawahi kuiona Butaleja.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kikombe kimoja cha kupimia, cha robo lita. Kikombe hichohicho kipime mchele na kipime maji. Kikombe kimoja cha mchele kina uzito wa karibu gramu 200, kwa hiyo kilo moja ni vikombe vitano, na kilo hiyo hushibisha watu kumi wenye mboga ya kutosha.
- Ungo, au sinia pana kama huna ungo.
- Mabeseni mawili.
- Sufuria nzito yenye kifuniko kinachokaa vizuri. Sufuria nyembamba za bati huunguza chini kabla ya juu kuiva.
- Sigiri yenye makaa, au jiko la gesi.
- Mwiko wa mti.
- Jani la mgomba moja au mawili, yaliyooshwa na kupitishwa motoni yakalainika.
- Chumvi na mafuta ya kupikia kidogo.

Ninasisitiza jani la mgomba kwa sababu wapishi wengi wa hapa hufunika wali kwa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, ili mvuke usitoke. Mvuke kweli hautoki, lakini mfuko ule haukutengenezwa ili upikwe, na nimewahi kuona ukiwa umeyeyuka pembeni na kushikana na wali. Nchi iliyojaa migomba haina sababu ya kula plastiki.

Kununua

1. Uliza umekobolewa lini, kisha uliza umevunwa lini. Hayo ni maswali mawili tofauti. Mpunga uliokaa ghalani miezi sita ukakobolewa jana hupikika kama mchele wa zamani. Mpunga uliovunwa wiki tatu zilizopita ni mpya hata kama umekobolewa leo asubuhi mbele ya macho yako. Uliza kwa adabu, bila kumtuhumu mtu: "Hajati, huu umevunwa msimu huu au ni wa msimu uliopita?" Muuzaji anayejua kazi yake atajibu bila kufikiri. Anayesema "wote ni mzuri tu, chukua" hajakujibu. Kwa kawaida mavuno ya kwanza ya mashariki huonekana sokoni kuanzia Julai na Agosti, na ya pili kuelekea Desemba na Januari, kwa hiyo katika miezi hiyo chukulia kwamba mchele ni mpya mpaka uthibitishiwe vingine.

2. Uma punje moja kwa meno ya mbele. Mchele mkavu wa zamani hukatika kwa mlio mdogo, vipande viwili safi. Mchele mpya hukubali jino kwanza, hubonyea kidogo, ndipo hukatika. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko maneno yoyote ya gulioni.

3. Chota konzi moja, ifumbe, kisha ifumbue. Tazama kiganja. Kikibaki na unga mweupe mwingi, mchele haukupepetwa vizuri na utakuwa na pumba za kuosha. Punje zikigandamana na ngozi, una unyevu, na mchele wenye unyevu hauwekwi nyumbani siku nyingi. Nusa pia. Harufu ya ukungu haitoki kwa kuoshwa wala kwa viungo vya pilau, kwa hiyo usidanganywe na punguzo la bei.

4. Mimina kidogo kwenye kitu cheusi. Mimi hutumia kifuniko cha simu yangu. Juu ya rangi nyeusi utaona mara moja chenga ni kiasi gani, mawe ni mangapi, na kama punje ni za urefu mmoja. Punje fupi nene zikiwa zimechanganyika na ndefu nyembamba, umeuziwa Kaiso iliyotiwa Supa kidogo kwa ajili ya harufu. Mchanganyiko huo si sumu, lakini kila punje ina muda wake wa kuiva, na wali wake utakuwa na bokoboko na viini ndani ya sahani moja.

5. Anza na nusu kilo. Usinunue gunia la mchele usiowahi kuupika, hata ukiambiwa bei itapanda kesho. Pika nusu kilo, ukiridhika rudi kwa muuzaji yuleyule siku hiyohiyo au ya pili, kabla gunia lile halijaisha na lingine kufunguliwa.

Anayeishi karibu na mashamba anaweza kununua mpunga. Kilo 100 za mpunga mkavu hutoa takriban kilo 60 hadi 65 za mchele, zinazobaki ni makapi na pumba. Kabla ya kupeleka mashineni, hakikisha mpunga ulianikwa juu ya turubai, haukuanikwa kwenye udongo mtupu au ukingoni mwa lami, kwa maana sehemu kubwa ya mawe unayoyatafuna huingia siku ya kuanika. Usiukaushe kwa pupa katika jua kali la saa sita mchana ukiwa safu nyembamba, kwa kuwa punje hupasuka kwa ndani na mashine huzimalizia kuwa chenga. Ugeuzegeuze, na jua likizidi, ukusanye mafungu uupumzishe.

Kuandaa

6. Pepeta, kisha chagua. Pepeta kwa ungo ili makapi na vumbi viondoke, halafu sukuma mchele kidogo kidogo kutoka upande mmoja wa ungo hadi wa pili ukitoa mawe, mpunga usiokoboleka na mbegu nyeusi za magugu. Kaa penye mwanga wa mlango. Anayechagua mchele usiku kwa mwanga wa simu anajidanganya.

7. Osha kwa kumimina. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, halafu hulaumu mkulima. Vijiwe vingine vina rangi na ukubwa uleule wa punje, jicho haliviweki kando, lakini maji huviweka, kwa sababu jiwe huzama haraka kuliko mchele. Tia mchele katika beseni la kwanza, mimina maji mengi, zungusha kwa mkono, na wakati mchele ungali unaelea katika mzunguko huo, inamisha beseni na kuyamimina maji pamoja na mchele wake katika beseni la pili. Usimimine yote. Rudisha maji, zungusha tena, mimina tena, taratibu, mpaka chini ya beseni la kwanza kimebaki kijiko kimoja cha mchele wa mwisho. Tikisa hicho kijiko cha mwisho polepole na utasikia mlio wa changarawe kwenye bati. Kijiko hicho usikionee huruma, wape kuku. Mimi hufanya hivi mara mbili kwa mchele wowote ambao haukupita mashine ya kutoa mawe, tangu siku mgeni mmoja wa shughuli alipotema kipande cha jino mbele ya meza kuu.

Baada ya hapo badilisha maji mara mbili au tatu, bila kusugua kwa nguvu. Mchele mpya ni laini, na ukiusugua kama nguo unautengeneza chenga mwenyewe. Maji ya mwisho hayahitaji kuwa maangavu kama ya kunywa. Yakiwa na ukungu mwepesi yanatosha.

8. Chuja, na uamue kama utaloweka. Mchele mpya usiuloweke hata kidogo. Uache tu katika chujio dakika 10 ili maji ya kuoshea yatoke, kwa kuwa nayo huhesabika katika kipimo. Supa ya zamani iliyokauka sana inaweza kulowekwa dakika 20, nayo itarefuka vizuri zaidi.

Kupika

9. Pima maji kwa umri wa mchele. Vipimo vyangu kwa kila kikombe kimoja cha mchele ni hivi: mchele mpya wa aina yoyote, kikombe kimoja na nusu cha maji; Nerica, Wita au K za msimu uliopita, kikombe kimoja na robo tatu; Supa ya zamani iliyokauka, vikombe viwili, na ukiwa umeiloweka punguza robo kikombe. Ukiwa na shaka, chagua maji machache. Wali uliokosa maji utaongezewa, lakini wali uliozidishiwa hakuna mjuzi wa kuyatoa.

Hapa nitakiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kupika kilo 20 za wali wa harusi. Mchele ulikuwa Kaiso mpya kabisa, umeletwa na ndugu wa bwana harusi kutoka shambani, na mimi kwa kiburi cha uzoefu nikautilia maji mara mbili ya ujazo wake, kama nilivyozoea kwa mchele wa dukani. Nilipofunua sufuria, mwiko ulisimama wenyewe. Tulipakua hivyohivyo, tukaumwagia mchuzi mwingi, na mzee mmoja wa upande wa bibi harusi akauliza kwa sauti ya kusikika kama amealikwa kunywa uji. Tangu siku hiyo hupika kikombe kimoja cha majaribio nyumbani kabla ya shughuli yoyote. Jua pia kwamba sufuria kubwa haipotezi mvuke kwa kadiri ya sufuria ndogo, kwa hiyo kipimo cha maji hakizidishwi moja kwa moja: kwa kilo 10 za mchele mpya mimi hutumia lita 16 hivi za maji, ilhali hesabu ya kikombe ingenipeleka karibu lita 19.

10. Chemsha maji kwanza, ndipo utose mchele. Tia maji, chumvi na kijiko kimoja cha mafuta katika sufuria, acha yachemke kwelikweli, kisha tosa mchele na ukoroge mara moja tu ili usigandamane chini. Funika. Acha moto uwe mkali mpaka maji yashuke yalingane na mchele na vitundu vidogo vianze kuonekana juu. Usikoroge tena, kila mzunguko wa mwiko huvunja punje na kutoa wanga, na wanga huo ndio gundi ya bokoboko.

11. Punguza moto na upalie. Vitundu vikionekana, toa makaa mengi chini ya sufuria ubakishe machache tu, funika wali kwa jani la mgomba likigusa mchele wenyewe, weka kifuniko, na juu ya kifuniko panga yale makaa uliyoyatoa. Anayetumia gesi apunguze moto hadi mwisho na aweke kitu kizito juu ya kifuniko. Acha dakika 15 hadi 20 bila kufunua. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na maji yake huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi, wala si 100, kwa hiyo wali huchukua muda mrefu kidogo kuliko wa Mombasa. Mpishi wa Kabale, aliye juu zaidi, aongeze dakika nyingine tano. Shemeji yangu aliyetoka Tanga alipika nyumbani kwangu kwa saa yake ya pwani, akatuletea wali wenye viini, na mpaka leo anadai kosa lilikuwa la sigiri.

12. Epua na usubiri. Ondoa sufuria motoni, iache imefunikwa dakika 10. Ndipo uingize mwiko pembeni, uuinue wali kutoka chini kwenda juu, uuachie uanguke wenyewe. Usiupondeponde. Ukifanya hivi na mchele mpya, hautachambuka kama wa Pakistani, nao haupaswi. Utakuwa laini, umeshikana kidogo, unaolika kwa mkono bila kijiko.

Kuula

Kila mchele una mboga yake. Kaiso mpya, kwa kuwa hushikana, ndiyo inayofaa mchuzi wa karanga, ule mzito wa rangi ya waridi ambao Waganda huuita *ebinyeebwa*, hasa ukitiwa samaki mkavu aliyechomwa. Wali unaochambuka huuachia mchuzi huo utiririke hadi ukingoni mwa sahani, Kaiso huukamata. Nerica hupenda maharagwe na mboga za majani. Ngege (samaki aina ya sato) wa kukaanga na kachumbari anataka Wita au K98, kwa sababu haushindani naye. Supa ibaki kwa wageni, na hata hivyo ipikwe nyeupe kwanza ili harufu yake isikike. Naona huruma mtu anaponunua Supa halisi kwa bei ile halafu akaizika chini ya unga wa kari. Kwa pilau nachagua Supa ya msimu uliopita au Wita iliyokaa ghalani, kamwe si mchele mpya, kwa sababu nyama hutoa maji yake, na mchele mpya hauna nafasi ya kuyapokea. Pilau ikishaiva inamwagwa katika sinia moja, kuku juu, watu wanne au watano wanaizunguka, jambo ambalo Kampala sasa limekuwa biashara kamili kwa jina la *lusaniya*.

Chenga ulizozitenga usizitupe. Zilowekwe usiku, zisagwe, zikaangwe kuwa vitumbua vya asubuhi, au zipikwe uji wa wagonjwa na watoto. Na ukoko uliobaki chini ya sufuria, ukiwa umekauka rangi ya kahawia bila kuungua, nyumbani kwangu hugombewa.

Mambo yakiharibika

*Wali umeiva juu, una viini ndani, na maji yamekwisha.* Nyunyizia maji ya moto, robo kikombe kwa kila vikombe viwili vya mchele uliopika, rudisha jani na kifuniko, palia tena dakika 10. Maji baridi hupoza wali, usiyatumie.

*Wali umeiva lakini una maji.* Funua, toa makaa ya juu, acha ya chini machache sana, uache mvuke utoke dakika tano bila kukoroga. Ukishakuwa bokoboko kamili, acha kupigana nao: ongeza maziwa na sukari au tui la nazi, upike uwe uji mzito, na kesho punguza nusu kikombe cha maji.

*Umeungua chini.* Usikoroge, usikwangue. Hamishia wali wa juu katika sufuria nyingine, uufunike kwa jani jipya la mgomba, na harufu ya moshi itapungua sana. Chanzo karibu kila mara ni makaa mengi chini wakati wa kupalia.

*Una ladha ya pumba au uchungu.* Mchele ulikobolewa vibaya au ulikaa muda mrefu na pumba zake, ambazo zina mafuta, na mafuta hayo huchacha. Pepeta tena uliobaki na uuoshe mara nne. Ikiwa uchungu haukuondoka, rudisha.

*Mchele wa nyumbani umeingia fukusi.* Upepete, uuanike kivulini penye upepo, usiuweke katika jua kali kwa sababu punje zilizokobolewa hupasuka, kisha uhifadhi katika ndoo kavu yenye kifuniko cha kukaza, iliyojazwa mpaka juu. Usimwage mchele mpya juu ya wa zamani uliobaki chini, maana fukusi wa chini watapata karamu. Kwa familia ndogo, nunua wa mwezi mmoja tu.

*Kiporo.* Wali uliobaki usilale ndani ya sufuria jikoni hadi asubuhi. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa, na wali wenye uvuguvugu ni mahali wanapopapenda. Sumu wanayoiacha haiondoki kwa kupashwa moto. Utandaze katika sinia upoe haraka, na ndani ya saa mbili uwe umeingia katika jokofu, ukaliwe kesho yake ukiwa umepashwa hadi utoe mvuke. Asiye na jokofu apike kwa kadiri ya walaji, kikombe kimoja kwa watu wazima wawili wenye njaa ya kawaida, na nusu zaidi akitarajia mgeni.